Kikombe Ambacho Sikukigeuza

Tulipomzika shangazi yangu, Mama Sauda, hapa Baraka, watu walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Walijaa uani, wakakaa kwenye mikeka na viti vya plastiki vya msikitini, wakasoma, wakalia kwa adabu. Chai niliipika mwenyewe, birika tatu kubwa zenye tangawizi. Hakuna aliyeigusa. Mmoja alisema ana presha, mwingine alisema ameshakunywa nyumbani, na jirani yangu wa miaka ishirini akatoa mkobani chupa ya maji ambayo bado imefungwa, akaifungua mbele ya macho yangu, akanywa. Hata wasichana waliozaliwa juzi, wasiojua kabisa kilichotokea Lweba, walikunywa maji ya chupa kwa sababu waliwaona mama zao wakifanya hivyo. Watu walipotawanyika nikazimwaga birika zote tatu chini ya mpapai. Nilikuwa na hasira, nisiseme uongo. Lakini sikuwa na mtu wa kumpelekea hasira hiyo, kwa sababu aliyeanzisha jambo lile ni mimi.

Sasa nina miaka hamsini na saba. Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na kumi na saba, nikikaa Lweba kwa shangazi. Nilifikaje kwake ni habari ndefu na haina faida kwa mtu, tuiache. Alikuwa na chumba cha chai kando ya barabara. Mbele kulikuwa na vumbi na ng'ombe wanaopita, nyuma kulikuwa na ziwa. Kilikuwa chumba kimoja tu chenye mabenchi mawili na meza ndefu iliyotandikwa plastiki ya maua. Ile plastiki ilikuwa na tundu la kaa la moto upande wa dirishani, na mimi nililifunika kwa sahani ya mandazi kila asubuhi kana kwamba wageni hawakulijua. Dirisha lilileta harufu ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, waliotandazwa mchangani. Jikoni kulikuwa na mbabula mbili, majiko ya makaa, moja ya chakula na moja ya chai, na ole wangu nikiteleka mboga kwenye mbabula ya chai. Shangazi alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ndogo na maneno makali. Akikuambia "vizuri" mara moja kwa wiki, unashukuru Mungu.

Mwaka ule barabara ya Uvira ilifungwa miezi mingi, na boti za kutoka ng'ambo zikawa za kubahatisha. Sukari ilipotea kwanza, halafu majani ya chai. Mchele tulikuwa nao, maana mashamba ya bondeni yalizaa kama kawaida. Siku moja shangazi akachukua vikombe viwili vya mchele, akaukaanga kwenye sufuria kavu, polepole, akiugeuza kwa mwiko bila kupumzika, hadi ukawa wa rangi ya kahawia na punje nyingine zikapasuka zikawa nyeupe kama bisi. Akachanganya na majani machache yaliyobaki kwenye kopo, akamwagia maji ya moto. Nyumba nzima ikanukia. Nilionja nikakunja uso, nikasema hii ni maji ya ukoko. Akanijibu kwamba mwenye chai nyingine ailete. Baada ya wiki mbili nilikuwa siwezi kupita asubuhi bila kikombe changu. Ina ladha ya mchele ulioungua kidogo tu, halafu nyuma yake unakuja uchungu wa majani, halafu mdomo unabaki safi. Watu wa barabarani waliizoea. Waliiita chai ya Mama Sauda, na wengine waliulizana, nusu mzaha, mama yule anatia nini mle ndani.

Hapo lazima nieleze desturi, kwa sababu kila kitu kimesimama juu yake. Kwetu, mtu akikupa kinywaji ambacho hakijafungwa, anakunywa yeye kwanza, kutoka chombo kilekile, nawe unamwona akimeza. Si dharau, ni kuondoa shaka, maana sumu katika nchi yetu inaogopwa kuliko risasi. Shangazi aliongeza la kwake: anayemimina, akishakunywa kikombe cha kwanza, anakigeuza juu ya meza, mdomo chini, ili hata mgeni aliyekuwa anaangalia ziwani ajue kwamba kimekwisha. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilikunywa vikombe vingi mwaka ule, vingine kwa kiu na vingine kwa amri.

Kati ya wageni wetu, niliyempenda kuliko wote ni Mzee Gideoni. Alikuwa mfugaji wa milimani, mtu wa kanisa, mrefu, mwenye kofia ya duara asiyoivua hadi aombe. Alishuka kila baada ya wiki mbili na ng'ombe wa kuuza Baraka, na mara nyingi alifuatana na binti yake Naomi, wa rika langu. Wakati ule watu wa milimani na sisi wa ziwani bado tulikuwa tunalala nyumba moja bila mtu kuuliza. Wanaume walilala chumba cha chai, juu ya mabenchi, na Naomi alilala kwangu. Alileta maziwa ndani ya kibuyu, mimi nilimpa samaki wa mikeke wa kuchoma, naye alimla kwa kumwogopa kama aliye hai bado. Kupitia ukuta wa tope tulimsikia baba yake na shangazi wakizungumza kuhusu malisho, mvua na watoto wasiosikia. Mzee alikuwa hodari wa kumtania. Alisema chai yake inashibisha, kwa hiyo atauza mandazi kwa nani? Shangazi, ambaye hakucheka na mtu, alicheka na huyo. Naomi aliniuliza kama nadhani wanapendana. Nikamwambia anyamaze, alale.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya Ramadhani, mwezi mmoja hivi. Nilikuwa nalipa siku zangu. Msichana wa Kiislamu ananielewa bila maelezo, ila si kila msomaji ni msichana wa Kiislamu, basi niseme: mwanamke akiwa na damu hafungi, na siku zile anazilipa baadaye, kimyakimya. Nasema kimyakimya kwa sababu ndani ya Ramadhani, zile siku tusizofunga, tulijifanya tumefunga kama wengine. Tulikunywa maji nyuma ya jiko, tukajifuta mdomo. Wajomba, mabaharia, mzee wa msikiti, wote hawakutakiwa kujua. Hata shangazi sikumwambia kwamba siku ile nimefunga. Angenionea huruma, angenitoa kwenye kazi, na mtu angeuliza kwa nini.

Mzee Gideoni aliingia alasiri, peke yake. Naomi alibaki na ng'ombe kule chini, penye majani. Mzee alikaa kwenye nafasi yake, dirishani, karibu na tundu la plastiki. Alionekana amechoka, akajishika tumbo kidogo, lakini mtu aliyetembea siku mbili kushuka mlima huwa amechoka. Shangazi alikuwa jikoni. Nikaleta birika, nikamimina kikombe changu, nikakifikisha mdomoni. Midomo yangu iligusa mvuke tu. Nikakiweka chini, nikammiminia yeye. Aliniona. Alitabasamu, akasema, "Mutoto, leo chayi ni ya moto sana?" Nikasema ndiyo, ni ya moto. Akanywa vikombe vitatu kwa imani yake yote, akashukuru, akavaa koti, akaenda. Kikombe changu kilibaki mezani kimejaa. Mwanamke wa kuuza ndagala aliingia kuomba moto akakikuta hivyo, kimesimama wima, akaniangalia. Mimi nikaimwaga chai yake ndani ya birika tena, kwa sababu mwaka ule chai haikutupwa.

Jua lilipozama nikafuturu. Sikuwa na tende wala uji. Nilichukua birika ile ile, chai imepoa, nikanywa vikombe viwili nimesimama jikoni, halafu cha tatu nikiwa nimekaa. Ilikuwa tamu sana. Nililala vizuri, nikaamka vizuri.

Siku ya nne habari ikashuka kutoka mlimani: Mzee Gideoni aliugua akageuza kurudi nyumbani, ametapika siku mbili, amefariki njiani kabla ya kufika kwake. Alikufa kwa ugonjwa gani? Sijui mpaka leo, na sitajifanya najua. Hapakuwa na daktari kule juu. Lakini watu hawahitaji daktari wakati wana neno tayari, na neno lilikuwa tayari: ile chai yenye vitu ndani. Ndugu zake wakashuka, wanaume sita, kwa heshima, bila fujo. Kijana wake mkubwa, Yona, alikuwa nao, ameegemea fimbo. Naomi hakuja. Kikao kikafanyika barazani kwa mzee wa kijiji, asubuhi, wanaume wakiwa kwenye viti na sisi wawili kwenye mkeka.

Shangazi alieleza vizuri. Alisema mchele ni mchele, akaomba uletwe uangaliwe. Mzee wa kijiji alikuwa mtu mwenye akili, akasema swali ni moja tu. Mwuza ndagala alishasema alichokiona. Basi mzee akanigeukia mimi.

"We mutoto," akasema, "ulionja ao haukuonja?"

Najua kwamba msomaji anapiga kelele hapo: sema! Sema ulikuwa umefunga, sema jioni ulikunywa birika ile ile, vikombe vitatu, na uko hapa mzima. Maneno yale yangekuwa mafupi. Yangemwondoa shangazi pale kwenye mkeka na kumrudisha kwenye mbabula zake. Lakini nikisema nilikuwa nimefunga, mzee wa msikiti ambaye alikuwa amekaa pale pale angeniuliza, unafunga nini mwezi huu, mbona Ramadhani ulifunga yote? Na wanaume kumi na wanne wangejua hesabu ya mwili wangu, Yona mmoja wao. Leo nacheka, lakini si kicheko kizuri. Siku ile niliona bora ardhi inimeze. Nikaangalia mkeka. Ulikuwa na mstari mwekundu na mstari wa kijani. Nikasema, "Sikuonja." Sikuongeza neno.

Hawakumhukumu. Afadhali wangemhukumu, maana hukumu ina mwisho. Ndugu za marehemu waliinuka, wakashukuru kwa kupokelewa, wakakataa maji, wakaondoka. Baada ya hapo hakuna aliyekaa tena kwenye mabenchi yetu. Wapita njia walitusalimia kutoka barabarani, wakipunguza mwendo kidogo kwa adabu. Shangazi aliendelea kukaanga mchele kila asubuhi kwa mwezi mzima, akipika birika nzima, na jioni tunakunywa sisi wawili.

Nilimwambia. Ilichukua siku tisa, lakini nilimwambia, tukiwa tunaosha vyombo ambavyo havijatumika. Nilimweleza yote, damu, funga, vikombe vitatu. Nilitegemea anipige. Aliendelea kufuta kikombe.

"Ulipashwa kuyasema kule," akasema. "Leo ukienda, batasema mi ndiye nilikufundisha."

Alikuwa na haki. Nikalia, akaniambia niache kulia ndani ya maji ya kuoshea. Hakunitupia neno lile tena maishani, na sijui kama huo ulikuwa msamaha au ni uchovu. Mwaka ukaisha tukiwa tumehamia Baraka, yeye akiuza samaki wakavu sokoni, kitu ambacho mtu anakiona kwa macho na anakipika mwenyewe. Mabenchi tuliyaacha Lweba. Niliolewa, nikazaa, nikafiwa na mume, na shangazi akaja kuzeeka kwangu. Na kwa miaka ile yote, kila asubuhi, mimi na yeye peke yetu, akimimina chai alikunywa kwanza yeye, akakigeuza kikombe mezani, halafu ndipo akanimiminia mimi. Nilimwambia mara ngapi, shangazi, acha, nani ananishuku hapa? Alikigeuza hivyo hivyo hadi asubuhi ya mwisho.

Sasa, miezi mitatu baada ya mazishi, Naomi akapiga simu. Tangu mwaka ule tulikuwa hatujaonana. Watu wake na watu wa huku wametendeana mambo ambayo sitaki kuyaandika kwenye ukurasa mmoja na chai. Yeye alipelekwa mbali, nchi ya theluji, akafanya kazi jikoni mwa nyumba ya wazee, akapata wajukuu wasiojua Kiswahili. Alisema amekuja Uvira kwa kaka yake na atashuka Baraka kwa boti, siku moja tu, asubuhi na kurudi, wala asitembee mjini. Aliingia kwangu saa nne asubuhi, amejifunga kitambaa hadi kwenye nyusi. Aliyekuwa mwembamba sasa ni mnene, na aliyekuwa mnene sasa ni mwembamba; tulishabadilishana. Tulishikana mikono muda mrefu. Nilimwambia kwamba Mama Sauda amefariki. Akakaa chini, akavua kitambaa, akasema alikuja kwa ajili yake.

Akatoa mfuko mdogo wa kijani wenye maandishi ambayo mimi siyawezi. Akasema ni chai ya Wajapani. Kule kwenye nyumba ya wazee alikuwako bibi mmoja wa Kijapani, na siku moja bibi yule alimpa kikombe. Alipokifikisha puani ikabidi ashike meza. Nikaufungua, nikamimina kidogo kwenye sahani kwenye mwanga wa mlango. Yalikuwa majani ya kijani, makavu kama sombe ya muhogo iliyoanikwa, na katikati yake punje za mchele, za kahawia, nyingine zimepasuka nyeupe. Mikono yangu haikungoja akili. Nikaanza kuchambua, mchele huku, majani huku, kama tunavyochambua kila siku, nikimlaani kimoyomoyo yule mwuza duka wa mbali aliyemchanganyia mwenzangu uchafu. Nilikuwa nimeshatenga nusu ya sahani wakati Naomi aliponishika mkono.

"Mwajuma, acha," akasema. "Ule muchele ni wa mule ndani. Bo banaipika hivi."

Nikamwuliza, kwa njaa? Akasema hapana, kwa kupenda, na watu matajiri pia. Nikakaa nikiangalia sahani. Kumbe kuna nchi nzima inayokunywa chai ya Mama Sauda, na hakuna anayeuliza ametia nini. Nikaona aibu kulia mbele ya mgeni kabla ya kumpa hata maji.

Naomi akanielekeza nisichemshe majani, nimwagie tu maji ya moto, nisitie sukari. Ikatoka rangi ya maji ya mboga. Harufu ikapanda, na mara moja nilikuwa Lweba, na ndagala, na tundu la plastiki. Nikaweka vikombe viwili. Hapo ndipo nilipoona kwamba Naomi ananiangalia mkono, kama watu wote wa kwetu wanavyoangalia, hata yeye aliyeileta chai, hata baada ya theluji yote ile. Ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu mimi nafunga sunna. Nikajimiminia kikombe. Nikanywa chote, taratibu, nikameza akiwa ananiona. Ilikuwa nyepesi kuliko yetu, majani yake hayana ukali, lakini mchele ulikuwa ni ule ule. Nikakigeuza juu ya meza, mdomo chini. Nikamwambia, Naomi, leo nimefungua funga yangu kwa ajili yako, na siku ile sikuifungua kwa ajili ya baba yako, sikiliza sasa.

Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kugusa kikombe chake. Nilipofika kwenye vikombe vitatu vya magharibi aligeuza uso ukutani.

"Mama yangu alikufa akimulaani ule mwanamke," akasema. "Kila siku ndani ya maombi."

Nikasema najua. Nilikuwa sijui, lakini nilisema hivyo. Nilitaka anitukane, ingenisaidia. Badala yake alichukua simu, akapiga, akaiweka katikati ya meza na sauti juu. Alikuwa Yona, kaka yake, mzee sasa, sauti ya kukwaruza. Nyuma yake nilisikia wanaume wengine wakizungumza. Naomi akamwambia kwamba Mwajuma wa Lweba iko na neno. Akanitazama.

"Sema tena," akaniambia. "Yote. Na ile sababu."

Nina miaka hamsini na saba, nina wajukuu saba, na bado uso uliniwaka moto. Niliinama, nikaona meza badala ya mkeka. Nikasema, "Kaka Yona, siku ile nilikuwa nimefunga. Nilikuwa nalipa siku zangu za damu, niliona haya mbele yenu. Magharibi nilikunywa birika ile ile aliyokunywa baba, vikombe vitatu, na sikuumwa hata kichwa. Shangazi hakutia kitu." Kule Uvira nilisikia pikipiki ikipita, halafu nyingine. Naomi alichukua kikombe chake kwa mikono miwili, akanywa hadi mwisho.

"Mama Sauda iko hapo?" Yona akauliza. "Mumupe telefone. Nimuombe musamaha."

Nikamwambia tumemzika miezi mitatu iliyopita. Nikamwambia, umechelewa, kaka. Halafu nikajisahihisha, maana aliyechelewa ni mimi.